Dele la Shaba Nyekundu kutoka Mji wa Kale, Mombasa

Dele hili la lita moja na nusu nililinunua kwa shilingi 6,500 katika duka moja la Mji wa Kale, na kwa miezi minane sasa ndilo linalopika kahawa ya jioni nyumbani kwetu. Sifa yake kubwa ni namna linavyopokea moto. Shaba hupitisha joto karibu mara mbili ya alumini, kwa hiyo makaa machache hutosha kuichemsha kahawa, na ukiyapunguza, mchemko nao hutulia papo hapo, tangawizi na iliki zikapata muda wa kukolea pasipo kahawa kufurika.

Hata hivyo, shaba tupu haifai kukaa na kitu kichachu, kwani humong'onyoka kidogo kidogo na kinywaji chake huweza kuleta kichefuchefu na maumivu ya tumbo. Ndiyo sababu dele huvishwa bati kwa ndani. Hapo ndipo muuzaji aliponikosea, kwa kunihakikishia kuwa bati hilo ni la maisha. Mwezi wa tano niliona doa jekundu, ukubwa wa ukucha, chini kabisa penye mkwaruzo wa kijiko. Nikalipeleka kwa fundi, akalipasha moto, akatia bati na kulisambaza kwa pamba, na weupe wake ukatanda juu ya lile doa kama wimbi dogo linavyotambaa mchangani. Alinitoza shilingi 900, akaniasa nisiliache motoni likiwa tupu, maana bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, ilhali shaba yenyewe hustahimili hadi 1,085.

Kwa nje sina la kulaumu: mdomo wake humimina kwenye vikombe bila kudondosha hata tone, na likifubaa, nusu ya ndimu iliyochovywa chumvi hurudisha wekundu wake kwa dakika chache, mradi lisuuzwe na kukaushwa mara moja. Kifuniko tu ndicho kilicholegea.

Anayetaka kununua dele la namna hii aende na sumaku na tochi. Sumaku ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa shaba juu. Na kwa tochi amulike hadi kitakoni, ahakikishe bati limeenea kote, kabla hajatoa pesa.