Mamkubwa alivyofanywa sharifu na mtandao wa ukoo

Nimeutumia mtandao huu wa kutafutia ukoo kwa mwaka na miezi minne, nikiwa hapa Lamu, mtaa wa Langoni, mara nyingi kwa simu, mara chache kwa kompyuta kuukuu ya mume wangu. Naupa nyota tatu kati ya tano. Jina lake nalisitiri, maana nina ya kulalamikia na sitafuti ugomvi na mtu. Ni miongoni mwa ile ya bure yenye mti mmoja unaoandikwa na watumiaji wote kwa pamoja. Ukimweka babu yako, huyo ni babu wa wote, na mwenye akaunti yoyote, awe Muscat au Toronto, anaweza kumrekebisha.

Nilianza na bibi mzaa mama. Nyuma ya msahafu wake, kwenye karatasi ya mwisho iliyoliwa na mchwa pembeni, kuna mstari wa wino uliogeuka kahawia, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: amezaliwa usiku wa Ijumaa, Mfungo Sita, mwaka 1343. Mtandao ulitaka siku, mwezi na mwaka wa Kizungu. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi katika kalenda ya Kiislamu, wa mwaka ule unaangukia Oktoba 1924, hapo hapana taabu. Siku ndiyo iliyonikalisha. Kwetu usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule ambao kalenda ya ukutani bado inauita Alhamisi. Niliandika "Oktoba 1924" nikaacha siku wazi, nao mfumo ukakubali bila kelele. Hilo nalisifu. Tena una sehemu ya maelezo, nikauandika mstari wa msahafu wote kama ulivyo, na picha nikapakia.

Taabu ya pili ni majina. Kuna kisanduku cha jina la kwanza na kisanduku cha jina la ukoo, nacho hiki cha pili kinakutazama kwa rangi nyekundu mpaka ukijaze. Sasa wazee wetu wana jina la ukoo gani? Mtu ni fulani bin fulani bin fulani, basi. Ukiliandika jina la baba kwenye kisanduku cha ukoo, ndugu wa baba mmoja wanakuwa ukoo, na watoto wao wanakuwa ukoo mwingine. Nimewaona wengine wameliandika "Bin" lenyewe kuwa jina la ukoo. Mti ule una akina Bin wengi ajabu.

Halafu kuna desturi yetu ya kumpa mjukuu jina la babu. Omari akamzaa Athumani, Athumani akamzaa Omari, Omari akamzaa Athumani. Kwetu hilo ni heshima, mtandao unaona mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Kila nikifungua nakuta pendekezo: watu hawa wanafanana, waunganishe? Siku moja mjomba wangu wa Malindi, ambaye nilimpa kazi ya kunisaidia, alibofya ndiyo. Babu akawa baba wa babake. Kuwatenganisha kulinichukua Jumapili nzima na bando la wiki.

Vidokezo je? Mtandao wa pili, huu wa kulipia, niliujaribu kwa mwezi mmoja kwa kadi ya shemeji. Ulinitumia vidokezo kila asubuhi. Ukitafuta Mohamed bin Ali utaletewa wa Singapore, wa Hyderabad na wa Cairo, na wote mashine inakuhakikishia kwamba huenda ni wako. Tahajia nayo ni balaa: Athumani yuko Uthman, Othman, Osman na Athman, kutegemea karani alikuwa Mwingereza, Mhindi au Mwarabu. Mwezi ulipokwisha nikaufunga. Mitandao hii imelishwa vitabu vya makanisa na sensa za Uingereza na Marekani. Mwenye babu aliyebatizwa atafaidi. Mwenye babu aliyeozwa na kadhi, nikahi ikasomwa msikitini na halwa ikaliwa, ajue mapema.

Hata hivyo kuna kitu ule wa bure ulinipa ambacho nisingekipata kwa njia nyingine, na ndicho kilichoniokolea nyota ya tatu. Mtu wa Mombasa alikuwa amepakia picha ya mabaharia sita mbele ya jahazi lililopandishwa pwani. Chini ameandika majina ya wanne, wawili "hawajulikani". Nilimpelekea mamkubwa, dadake mkubwa mama, aliyezaliwa miaka ya vita vya Hitla na anayeona kwa jicho moja. Nikaikuza picha kwa vidole mpaka uso mmoja ukajaa kwenye skrini. Alinyamaza kitambo. Kisha akaigusa simu, picha ikaruka, nikairudisha.

"Huyu ndiye," akasema. "Mtazame shikio."

Sikio la kushoto lilikuwa limekatika ncha. Ni nduguye bibi, aliyeumwa na punda udogoni, akaenda Unguja kwa jahazi la boriti na asionekane tena. Nilimwandikia yule mtu wa Mombasa, na siku ya pili akanijibu kwamba mke wa pili wa mzee huyo alikuwa shangazi wa mamake. Sasa ananiita dada, na Mfungo Sita alikuja kwa Maulidi akalala kwetu siku tatu.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Nyumba tunayokaa imeshuka kwa wanawake, kama zilivyo nyumba nyingi za Lamu: binti akiozwa hupewa nyumba, mume ndiye anayehamia. Kwa hiyo ukitaka kujua ukoo wa mwanamke wa Lamu, fuata nyumba. Kwenye kasha la mamkubwa kuna hati iliyotoka katika ule usajili wa ardhi ya Pwani chini ya sheria ya 1908, karatasi ngumu, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuachana. Mwenye nyumba ni bibi yake bibi. Jina lake silitaji. Limeandikwa hivi: fulani binti Abdalla.

Nilifurahi kama niliyeokota dhahabu. Kizazi kimoja zaidi! Nikamwingiza Abdalla kwenye mti kuwa babake, bila tarehe, mahali Lamu. Haikupita mwezi, nikafungua nikakuta Abdalla wangu ameunganishwa na Abdalla mwingine, sharifu wa ukoo mashuhuri, na juu yake baba zake wamepanda ngazi mpaka Hadhramaut, Yemen, na kutoka huko mpaka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Mtumiaji aliyefanya hivyo simjui, anaishi ng'ambo. Nadhani alikuwa na Abdalla asiyekuwa na watoto na mimi nilikuwa na Abdalla asiyekuwa na baba, akaona riziki.

Jioni nikamsomea mamkubwa. Alikuwa akikuna nazi. Alicheka mpaka akaiweka chini mbuzi.

"Nimekuwa sharifu na uzee huu! Haya, kesho watu waye wanibusu mkono."

Kisha akafuta mato, kama anavyosema mwenyewe, akaniambia nifunge mlango. "Abdalla gani, mwanangu? Hakuna Abdalla. Yule bibi alikuya na jahazi, mtoto mdogo. Babake hakujulikana. Asojulikana babake huitwa wa Abdalla."

Abdalla maana yake ni mja wa Mungu. Ndivyo walivyoandikwa wengi walioletwa na kuuzwa, na wengi walioslimu, wasiokuwa na baba wa kutajwa: wote ni wa Abdalla. Mkataba wa Sultani Barghash wa Unguja wa 1873 ulifunga soko la watumwa la huko na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari, lakini majahazi ya usiku yaliendelea, na huku Pwani ya Kenya utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1907. Yule bibi alikuja katika miaka hiyo ya kati. Aliyemnunua alimwacha huru, akamwoa, akampa nyumba. Hii ninayoandikia.

Nikamwambia mamkubwa kwamba nitarekebisha. Akasema, "Uandike nini?" Nikakosa jibu. Nikimwondoa sharifu, nitaulizwa sababu. Nikieleza sababu, wajukuu wa mamkubwa wana mabinti wa kuozwa, na mji huu unajua kuuliza habari za kufu, yaani kama nasaba za wawili zinalingana, kabla ya kuuliza habari za mahari. Walio hai hufichwa na mtandao, hilo ni kweli, ila kumbonyezea mtu kwamba amekufa ni kazi ya sekunde, na jina la marehemu linaonekana na dunia nzima. Bibi amekufa. Aibu, au kinachoitwa aibu, inawashika walio hai.

Nilimwandikia yule mtu wa ng'ambo kwa adabu kwamba amekosea. Alijibu haraka, naye kwa adabu, akaniomba ushahidi. Mtandao nao una kisanduku cha "chanzo", unataka cheti, kitabu, picha ya kaburi. Ushahidi ninao, mwanamke wa zaidi ya miaka 80 na mbuzi ya nazi, lakini hataki kurekodiwa kwa jambo hili. Nikaandika "baba hajulikani" nikatenganisha. Baada ya wiki akaunganisha tena. Nikatenganisha. Akaunganisha. Niliwaandikia wasimamizi, nikapokea ujumbe wa kunishukuru kwa kuwasiliana nao. Mara ya nne nimeacha. Mpaka leo, kwa mujibu wa mtandao, mimi ni sharifa.

Kwa anayetaka kuanza, kuna mahali pengine pa bure ambapo mtu wa Pwani hatoki mikono mitupu. Miswada ya msikiti wa Riyadha, hapa hapa Lamu, ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa British Library wa kumbukumbu zilizo hatarini, kazi iliyoongozwa na mtafiti Anne Bang. Usitazamie shajara ya ukoo wako. Tazama kurasa za mwanzo na pambizo za vitabu vya namna hiyo, ambako watu waliandika nani alikimiliki na nani alikiweka wakfu. Chuo cha SOAS, London, nao wana mkusanyo wa miswada ya Kiswahili. Faili za wakuu wa wilaya zimo Kumbukumbu za Taifa, Nairobi, na hizo zinataka nauli na subira.

Na kama mzee wako alikwenda vita vya kwanza kubeba mizigo, usivunjike moyo ukikosa jina. Nduguye babu mzaa baba ni mmoja wao, Carrier Corps, wale walioziachia Nairobi na Dar es Salaam jina la Kariokor na Kariakoo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina hifadhidata ya watu wapatao milioni 1.7, ila ripoti yake yenyewe ya 2021 ilieleza kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, zimesimama sanamu tatu za shaba za wanaume wa vita hivyo, na maandishi yanayosema kwa maana kwamba hata wakifa, watoto wao watayakumbuka majina yao. Sisi tunalikumbuka letu. Aliyepaswa kuliandika ndiye hakuliandika.

Siku hizi kazi yangu nimeihamishia kwenye Gramps, programu huria isiyolipishwa, inakaa ndani ya kompyuta na haihitaji intaneti, jambo kubwa kwa anayeujua mtandao wetu wakati wa kusi. Mti niliutoa kule kwa faili la GEDCOM, na karibu kila programu ya ukoo inalisoma. Inachosha macho, na hakuna wa Mombasa atakayekupata humo. Ndiyo maana ule wa pamoja sijaufuta, nimeacha picha, mabaharia na wanaume wa upande wa baba. Wanawake wa nyumba hii nimewatoa wote niliowaingiza mwenyewe.

Mamkubwa ndiye aliyenipa ruhusa ya kuyaandika haya bila majina, na Langoni ni kubwa. Wiki iliyopita aliniita, msahafu wa bibi umefunguliwa kwenye ukurasa wa mwisho. Aliniambia niliandike jina la yule bibi aliyekuja na jahazi, chini ya mstari wa Mfungo Sita, herufi za Kiarabu, jina lake peke yake bila binti wa mtu. Nikaenda kutafuta kalamu ya wino. Akasema la, kwa penseli.