Adnams Broadside: ya pipani si ile ya chupani

Mzee mmoja alinirudishia glasi ya Broadside kaunta akaniambia kwa upole kwamba nimemtilia bia nyingine. Miaka yote alikuwa akiinywa nyumbani, ya chupa, na hii niliyomvutia kwa bomba ilimjia nyepesi. Nilimwonesha kibao kilichobandikwa kwenye bomba: asilimia 4.7. Ile anayonunua dukani ni asilimia 6.3. Jina moja, bia mbili. Hakuna aliyemdanganya, ila hakuna aliyewahi kumwambia pia, na mimi naona anayelipa karibu pauni tano kwa painti (zaidi kidogo ya nusu lita) anastahili kuambiwa.

Kwa asiyeijua, Broadside hupikwa na Adnams wa Southwold, mji mdogo wa pwani ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Ilianza kupikwa 1972, kuadhimisha miaka 300 tangu mapigano ya Sole Bay, pale meli za Waingereza na Wafaransa zilipokabiliana na za Waholanzi kwenye bahari ya hapohapo Southwold. Ni eli (ale), aina ya bia, ya wekundu uliokoza, kama chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye birika, na harufu yake ni ya zabibu kavu na keki ya matunda.

Nianze na ya pipani, maana ndiyo ninayoishi nayo. Nafanya kazi kwenye baa Norwich, na zamu zangu nyingi huanzia chini, kwenye sela, chumba cha kuwekea mapipa. Bia hii hufika ikiwa hai: hamira bado imo, inaendelea kuchacha ndani ya pipa. Pipa la kawaida huitwa fakini, galoni 9, yaani painti 72. Nalilaza kwa ubavu, nalizuia lisitikisike, kisha nagonga kijiti cha mbao laini kwenye tundu la juu ili gesi iliyozidi itoke. Baada ya hapo ni kungoja hamira itue chini. Hapa ndipo baa nyingi hukosea. Ijumaa jioni wateja wamejaa, mtu anashuka, anaonja, anaona "itafaa", anaifungulia. Haifai. Bia iliyoharakishwa hutoka na ukungu na ladha ya unga mbichi, na hakuna namna ya kuirekebisha ikiwa tayari kwenye glasi.

Sela hukaa kwenye nyuzi 11 hadi 13. Sisi tuliokulia kwenye swali la "baridi au moto?" tunashtuka mara ya kwanza, kwa sababu hii si baridi wala si moto. Lakini ijaribu Broadside ikiwa imetoka kwenye friji kali, utaona zile zabibu zote zimejificha na umebaki na uchungu mtupu. Iache kwenye meza robo saa, inarudi.

Sasa ukubwa wa pipa. Kila painti ninayovuta, hewa huingia kuchukua nafasi yake, na hewa ndiyo adui wa bia. Pipa likishafunguliwa, siku tatu hivi ndizo za raha. Piga hesabu: painti 72 kwa siku tatu ni painti 24 kila siku, za bia moja nzito ambayo wengi hunywa moja tu kisha wakahamia nyepesi. Baa ndogo haiwezi. Ndiyo maana nilimwomba meneja wetu kwa wiki kadhaa tuagize Broadside kwenye pini, kipipa cha galoni 4.5, painti 36. Alihofia gharama. Kilichomshawishi ni ushuru: tangu Agosti 2023 bia ya bomba hupata nafuu ya kodi mradi chombo chake kifike lita 20, na pini ina lita 20 na nusu hivi. Inapenya. Tangu tubadilishe, sijamwaga Broadside hata mara moja siku ya nne.

Jumanne moja, siku yangu ya mapumziko, niliinywa kwenye baa nyingine nisiyoitaja. Funda la kwanza lilikuwa siki. Nikaona mabomba sita kaunta, watu watano ndani, na nikajua bila kuuliza: pipa limekaa wazi mno. Niliirudisha kaunta na wakanibadilishia bila neno. Fanya hivyo nawe, tafadhali. Wengi wetu huona haya, tunaimaliza kwa adabu, halafu tunaapa kwamba eli ya Kiingereza ni mbaya.

Namna ya kuitoa nayo inabadilisha mengi. Bomba la mkono linavuta bia kutoka sela kwa nguvu za bega tu, hakuna gesi inayoisukuma; kifaa hicho ni cha zamani, mvumbuzi Joseph Bramah alikiandikia hataza 1797. Huku mashariki twaitoa bila kidude chochote kwenye mdomo wa bomba, povu linakuwa jembamba. Kaskazini, Yorkshire hasa, hufunga kidude chenye vitundu vidogo kwenye mdomo wa bomba, bia ikapita kwa nguvu na kupata povu zito kama maziwa yaliyopigwa. Nimeijaribu Broadside kwa kile kidude. Uchungu unapungua, ulaini unaongezeka, ila ile gesi kidogo iliyokuwa inaichangamsha inaishia yote kwenye povu. Sikuipenda. Tamu kuliko zote niliyopata ilitoka moja kwa moja kwenye koki ya pipa, bila bomba, kama wanavyofanya kwenye tamasha za bia. Povu karibu hakuna, na ladha imelala vizuri mdomoni.

Vipimo si vya kubahatisha. Sheria inaruhusu bia ya bomba iuzwe kwa theluthi ya painti, nusu, theluthi mbili (hii iliongezwa 2011), na painti nzima ya mililita 568. Painti isiyojaa inaweza kuongezwa ukiomba, na mhudumu mwema hatakununia. Kwa Broadside nakushauri nusu. Painti nzima ya bia nzito hupata joto na kufifia kabla hujafika chini, lakini nusu mbili mfululizo zote ni mpya.

Ya chupani basi. Mililita 500, glasi ya kahawia, na mimi naijali sana hiyo kahawia kwa sababu mwanga hutia eli harufu mbaya, na chupa nyeupe ya dukani chini ya taa imekwisha kuharibika nusu. Nililipa pauni 2.30. Hapa keki ya matunda ni keki kweli: lozi, molasi, joto kooni. Imechujwa, haina mashapo, hivyo imimine yote bila woga. Gesi ni nyingi kuliko ya pipani, nayo huidhulumu kidogo. Mimina kwa kishindo katikati ya glasi, itoke. Na usihadaike na udogo wa chupa. Ina mililita 31.5 za kilevi halisi, wakati painti ya pipani, kubwa kuliko hiyo, ina 26.7. Aliyezoea painti mbili baa halafu akafungua chupa mbili nyumbani amekunywa zaidi, si pungufu.

Vipipa vya lita 5 vya kupeleka nyumbani sivipendekezi kwa bia hii isipokuwa una wageni. Ni karibu painti 9, na ukishakifungua saa imeanza kuhesabu.

Nikiulizwa nichague moja, ni ya pipani, kutoka pini, siku ya pili tangu kufunguliwa, saa moja jioni kabla watu hawajajaa. Ila majira ya baridi, baada ya zamu, nafungua chupa na mume wangu. Tunatoa glasi mbili za nusu painti, mililita 250 kila mmoja, na inabaki nafasi kidogo ya povu.