Dar hadi New York kupitia Nairobi: nilivyomkatia Mama tiketi ya saa 15 angani

Mdogo wangu anaishi New Jersey, na Mama alikuwa hajawahi kupanda ndege zaidi ya ile ya Mwanza. Tulikwenda pamoja na Kenya Airways: Dar hadi Nairobi, kisha Nairobi hadi New York bila kutua popote. Ningeambiwa nikate tena leo, ningekata hiyohiyo. Ila safari kama ile inaharibika au kupona siku ya kukata tiketi. Ukishafunga mkanda huna tena la kurekebisha. Kwa hiyo nitaongea zaidi habari za kabla ya safari.

Kwanza hesabu ya njia. Ukitokea Dar kwenda Marekani lazima ubadilishe ndege mahali, swali ni wapi. Wengi wetu tumezoea Doha au Dubai. Ni njia nzuri, lakini kwa New York unatumia karibu saa sita kwenda kaskazini mashariki, halafu kutoka huko bado una saa 14 hivi hadi New York. Kutoka Nairobi ni kama saa 15, na Nairobi yenyewe ni saa moja na dakika kidogo kutoka Dar. Yaani kile kipande kirefu hukikwepi kwa kupitia Ghuba. Unaongeza tu kipande kingine kabla yake. Ulaya ni tofauti, kule safari inagawanyika vipande viwili vinavyokaribiana, na kama mzazi wako hawezi kabisa kukaa muda mrefu, mimi ningekushauri Ulaya. Mama anaweza kukaa. Anachoshindwa ni kupanda na kushuka, foleni, ngazi, kuvua viatu na kuulizwa maswali kwa lugha asiyoijua. Kwake, kubadilisha ndege Nairobi, ambako anaweza kumuuliza mhudumu yeyote choo kiko wapi kwa Kiswahili na akaelekezwa, kulikuwa na thamani kuliko punguzo lolote la nauli.

Na punguzo lilikuwepo. Wakala mmoja pale mjini aliniitia kwenye skrini yake: "Dada, hapa unaokoa laki nne kwa kila mtu." Nikamwomba achapishe. Karatasi ilipotoka nikaona kumbukumbu mbili tofauti za tiketi, moja ya Dar–Nairobi kwa shirika moja, ya pili ya Nairobi–New York kwa shirika lingine. Nikamrudishia. Tiketi mbili zisizounganishwa maana yake mizigo unaichukua mwenyewe Nairobi na kuisajili upya, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halikudai wala halikujui; kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Kwa safari ya mtu mzima, sharti la kwanza liwe tiketi moja toka mwanzo hadi mwisho, na lebo ya begi unayopewa Dar isomeke JFK, yaani uwanja wa ndege wa New York.

Jambo lingine la kukagua ni kama tiketi imetolewa kweli. Ile kumbukumbu ya herufi na namba sita ni nafasi tu uliyoshikiwa, inaweza kufutika. Tiketi yenyewe ina tarakimu 13, na za Kenya Airways huanza na 706. Nilipoziona hizo ndipo nilipolipa salio. Kulipa mtandaoni kwa kadi kulinishinda mwanzoni kwa sababu benki yangu ilikuwa imeweka kikomo cha manunuzi ya nje. Nilikwenda tawini wakakipandisha, yakaisha.

Ukiwa unalinganisha, angalia pia kama ndege inatua njiani. Wakala anaweza kukuuzia safari ambayo hubadilishi ndege, lakini yenyewe inashuka mahali kuongeza mafuta, na hiyo inakula saa. Sababu ni ya kimaumbile kabisa. Uwanja ukiwa juu sana hewa ni nyepesi, mabawa na injini havipati nguvu ileile kama usawa wa bahari, hivyo ndege haiwezi kuruka na uzito wote wa mafuta na abiria. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu, ndiyo maana safari ya kutoka pale kwenda Washington kwa miaka mingi imekuwa ikitua njiani, ingawa kurudi inakuja moja kwa moja. Nairobi nayo iko juu, zaidi ya mita 1,600, lakini inawezekana, na ndege ya pale huondoka usiku wakati hewa imepoa, jambo linalosaidia. Safari hiyo ilianzishwa Oktoba 2018, na siku inaanza Kenya Airways walisema inahitaji marubani wanne, maana wanapokezana kulala. Mimi kama mtu wa Afrika Mashariki naona fahari kabisa kwamba njia hiyo ipo na inaanzia kwa jirani.

Ndege ni Boeing 787-8, ile wanayoiita Dreamliner, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu aina ya ndege ina maana kubwa kwa mwili. Ndege nyingi za zamani hewa ya ndani huwa sawa na kuwa mlimani kwenye mita 2,400. Hii inashushwa hadi kama 1,800, karibu na Mbeya mjini, na haikauki sana. Mama ana presha na sukari, na daktari wake alipouliza ni ndege gani nilikuwa na jibu. Alishuka New York miguu imevimba kidogo tu na kichwa hakimuumi. Madirisha hayana vifuniko, yana kitufe cha kufifisha mwanga, na wahudumu wanaweza kuyafifisha yote kwa pamoja. Daraja la kawaida viti ni tisa kwa mstari, vitatu vitatu. Usitegemee nafasi ya kujitanua, na kwa mashirika mengi ndege hii iko hivyohivyo.

Kiti nilichagua siku ileile ya kukata. Nilimpa Mama cha kando ya njia, mimi nikakaa katikati pembeni yake, ili akitaka kusimama asimruke mtu na mimi ndiye nisumbuliwe. Dirishani ni pazuri kwa saa mbili, kwa saa 15 unakuwa mfungwa. Mstari wa mbele kabisa wa daraja lile watu huugombea kwa sababu ya miguu, lakini pale begi la mkononi halikai chini mbele yako, meza inatoka kwenye mkono wa kiti, na ndiko wanakowekwa wenye watoto wachanga. Mstari wa mwisho uko jirani na vyoo, watu wanasimama hapo usiku kucha. Milango ya dharura mzee haruhusiwi. Tulikaa katikati, upande wa karibu na bawa, ndege inapotikisika huku hutikisika kidogo kuliko mkiani.

Halafu kuna vitu vya bure ambavyo visipoombwa mapema havipo. Kiti cha magurudumu: Mama anatembea vizuri na alikataa katakata, "mimi si mgonjwa." Nikamweleza kwamba viwanja vile vina mwendo mrefu na foleni ya uhamiaji kule inaweza kuzidi saa moja ukiwa umesimama. Akakubali. Chakula cha mwenye sukari kiombwe angalau siku moja kabla. Mimi niliomba pamoja na tiketi, kisha nikapiga simu wiki ya safari kuhakikisha kimeandikwa. Kweli alihudumiwa wa kwanza kabla ya toroli kuanza kupita. Dawa zote ziliingia begi la mkononi zikiwa kwenye makopo yake na cheti cha daktari, na ratiba ya vidonge tuliipanga kwa saa za Dar hadi tutakapofika. Soksi za kubana miguu alipimiwa hospitali. Usinunue tu za kukadiria.

Mizigo kwa nauli yetu ilikuwa mabegi mawili ya kilo 23 kila mmoja. Mama alikuwa ameandaa maembe ya Tanga. Yalibaki nyumbani Tabata. Matunda na nyama usithubutu. Viungo vya pilau vilivyokauka vilipita, tukavitaja kwenye forodha tulipoulizwa. Koti zito liwe mkononi, siyo kwenye begi la chini, kwa sababu Novemba New York unatoka mlangoni na baridi inakupokea.

Nairobi nilitaka saa nne za kusubiri, nikachagua ndege ya alasiri kutoka Dar. Kutoka Tabata hadi Terminal 3 si mbali, lakini Ijumaa pale Tazara hujui foleni itakufanyaje, kwa hiyo tuliondoka nyumbani saa tano asubuhi. Wakala alikuwa anasukuma ile ya saa moja na nusu ya kuunganisha. Kwa safari nyingine sawa. Kwa ndege ya Marekani kuna ukaguzi wa pili karibu na geti, mabegi yanafunguliwa, unaulizwa nani amekufungia mizigo, na maji uliyonunua ndani ya uwanja yanaweza kuchukuliwa palepale. Beba chupa tupu, waombe wahudumu wakujazie ndani. Saa nne zilitosha Mama akaswali, akala, akanyoosha miguu bila haraka.

Angani kwenyewe sina mengi. Unaondoka usiku na unafukuzana na giza kuelekea magharibi, kwa hiyo usiku haumaliziki: unapita Sahara, unapita Atlantiki, na unafika bado ni asubuhi. Tulikula mara ya kwanza, nikamlaza Mama, na kila nilipoamka nilimwamsha atembee hadi nyuma na kurudi. Saa ya kumi hadi ya kumi na tatu ya safari ndizo ngumu. Usingizi umeisha, mgongo unauma, na ramani kwenye skrini inaonyesha bahari tu. Hapo rozari au tasbihi, maongezi, chochote ulichonacho. Mama alinisimulia habari za ujana wake Pangani ambazo sijawahi kuzisikia.

Kama mwisho wa safari yako si New York, ujue kwamba mizigo utaichukua pale hata kama lebo inasema Houston au Minneapolis, unapita nayo forodha, kisha unaikabidhi tena. Weka saa tatu au zaidi kabla ya ndege ya ndani.

Mimi nilirudi mapema, Mama akabaki na wajukuu, na alirudi peke yake. Kabla hajaondoka nilipiga simu tena kwa ajili ya kiti cha magurudumu, nikataja New York, Nairobi na Dar, kila kimoja kwa jina, na nikaomba namba ya tiketi yake isomwe nisikie. Tarehe ya kurudi tuliibadilisha kwa sababu tangu mwanzo nilichukua nauli inayoruhusu kubadilisha. Ilikuwa ghali kidogo, na kwa mtu anayekwenda kuwaona wajukuu, hiyo ndiyo nauli ya kuchukua.