Bustani ya magunia sita: picha ndiyo iliyoniuzia

Kazi yangu ni kupiga picha. Harusi, kipaimara, maulidi, mahafali ya chekechea, popote penye keki na watu waliovaa sare mimi nipo. Kwa hiyo kama kuna mtu Dar es Salaam hii hakupaswa kuuziwa kitu kwa picha, ni mimi. Na bado niliuziwa. Jumamosi moja ya mwezi wa sita nilikuwa Sinza nasubiri bibi harusi amalize kupambwa (wanaoijua kazi hii wanajua kusubiri huko kukoje), naperuzi simu, ikapita picha ya gunia lililosheheni chainizi. Majani yana matone ya maji, nyuma ukuta mweupe, mtoto ameshika keni ya kumwagilia anacheka. Matone yale nilijua kabisa ni ya chupa ya kupulizia, maana na mimi hufanya hivyo kwenye matunda ya meza kuu. Nikampigia muuzaji vilevile.

Wanachouza ni kifurushi cha bustani ya nyumbani. Kwa shilingi 140,000 unaletewa magunia sita, udongo uliokwisha kuchanganywa na samadi, kokoto, miche 40, pakiti tatu za mbegu na keni moja ya plastiki. Wanakuja na kirikuu yao, kigari kidogo cha mizigo, wanapanga, wanapanda, na baada ya wiki mbili wanarudi kukagua. Jina lao silitaji. Ni vijana ambao bado wanajitafuta, na nusu ya nitakayoyalalamikia nina hisa ndani yake.

Walifika Jumapili saa tatu asubuhi kama walivyoahidi. Kwa mtu anayeleta kitu nyumbani kwenye mji huu, hilo peke yake nimelipa nyota. Walikuwa wawili, na kazi yao ilipendeza kuitazama. Wanachukua kopo kubwa la maziwa lililotolewa kitako, wanalisimamisha katikati ya gunia tupu, wanajaza kokoto ndani ya kopo na udongo pembeni, kisha wanalivuta kopo juu kidogo na kujaza tena. Wakifika mdomoni, gunia lina nguzo ya kokoto kuanzia chini hadi juu, na maji ukiyamwaga pale katikati yanashuka yakigawanyika mpaka kitakoni badala ya kuishia juu. Halafu wanachana ubavuni kwa kisu, mkato mdogo wa vidole viwili, na kuchomeka mche. Gunia moja lilibeba chainizi kumi ubavuni na nyanya mbili juu. Binti yangu wa miaka saba alipewa kazi ya kumimina kokoto kwenye kopo. Mdogo wake wa miaka minne alipewa kazi ya kuacha kula udongo. Nilipiga picha karibu 200 asubuhi ile, na kama kifurushi kingeishia hapo ningesema fedha yangu imerudi.

Sasa tuje kwenye makosa, na tuanze na langu.

Kijana aliniuliza, "Bosi, tunaweka wapi?" Nikamwonyesha pembeni ya ukuta wa jirani mwenye ghorofa, upande wetu, yaani kusini mwa ukuta. Unajua kwa nini? Kwa sababu mwanga wa pale ni mtamu. Ni mwanga laini, hauna kivuli kikali puani, ukuta mweupe unaurudisha usoni, na watoto hawakunji macho. Nilishaona picha kichwani kabla gunia halijashuka kwenye gari. Kijana akasema sawa bosi, wakapanga.

Wiki ya tano nyanya zilikuwa ndefu kama zinatafuta mtu ng'ambo ya ukuta. Shina jembamba, majani yameachana, ua likitokea linadondoka. Nilikuwa na tabia ya kupiga picha moja kila siku kutoka mahali palepale, nikiwa nimeegemea nguzo ya kibaraza, nikitumaini siku moja nitaziunganisha zionekane mimea ikikua. Kumbe nilikuwa natunza ushahidi. Mke wangu ndiye aliyeugundua. Alikaa na simu yangu usiku, akawa anazipitia huku akisoma saa iliyoandikwa kwenye kila picha. Saa mbili asubuhi, kivuli. Saa tatu na nusu, kivuli. Saa nne na robo, jua limepenya kati ya ghorofa na simtanki. Saa saba, kivuli tena. Akaniambia, "Baba, hizi nyanya zako zinaona jua saa mbili na nusu kwa siku." Nyanya inataka jua kwa muda wa saa sita kila siku, likizidi ni heri. Chainizi na mchicha huvumilia, nyanya na hoho hazina uvumilivu huo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba najua jua linavyotembea, ndiyo ugali wangu. Mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu jua linaegemea kaskazini, kwa hiyo upande wa kusini wa ukuta mrefu unabaki kivulini. Mwezi wa kumi na mbili linahamia kusini. Nina picha za sikukuu za watoto mahali palepale, wote wamekunja sura kama wamelamba ndimu. Mwanga mzuri kwa kamera na mwanga mzuri kwa nyanya ni vitu viwili tofauti kabisa, na nililipa 140,000 kujifunza hilo. Ila hata kijana anayeuza bustani angeniambia. Neno moja tu, "Bosi, hapa hakuna jua." Anayeuza miche ya nyanya asiponiuliza jua linapita wapi, ameniuzia mapambo.

Tulihamisha magunia mawili ya nyanya. Gunia la udongo ulioloa si kitu cha kubebwa na mpiga picha na shemeji yake mwenye mgongo. Moja lilichanika kuanzia mkato wa chainizi mpaka chini, tukalifunga kwa mpira wa baiskeli kama mguu uliovunjika. Liko hivyo hadi leo, na linazaa kuliko mengine.

Kosa la pili ni lao peke yao. Siku ya sita miche ilianza kuungua. Kingo za majani zilikauka, zikawa na rangi ya karatasi iliyopitishwa karibu na moto, kisha mche mzima ukalala. Nilidhani ni kiu, nikaongeza maji. Bahati nzuri mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Lushoto kumwona daktari wa macho. Kule kwao milimani kabichi na karoti ndizo zinazosomesha watoto, mwenyewe amelima tangu akiwa msichana. Alitoka kibarazani, hakuangalia jani hata moja, maana macho ndiyo yaliyomleta. Alikunja mkono wa gauni akauzamisha mkono ndani ya gunia mpaka karibu na kiwiko, akatulia kidogo kama anayepima homa ya mtoto.

"Baba, hii bado inapika," akasema. "Weka mkono."

Nikaweka. Ndani kulikuwa na joto, joto la kweli, kama maji ya kuogea mtoto. Na mkono ulipotoka ulinuka mkojo mkali. Walikuwa wamechanganya samadi ya kuku ikiwa mbichi. Samadi ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe, isipokaa ikaoza vizuri inachoma mizizi. Dawa ya mama mkwe ilikuwa kung'oa kilichobaki hai na kukihifadhi kwenye makopo, kuyaacha magunia wiki mbili yakipata maji kidogo kidogo, halafu kupanda upya. Miche 40 ilibaki 22. Kwa hiyo ukinunua kwao, au kwa mwingine yeyote, usiulize kama udongo una samadi. Uliza samadi ina umri gani, kisha uzamishe mkono kabla hujatoa hela.

Mbegu sitazisemea sana. Pakiti zilikuwa za bamia, mchicha na giligilani. Mchicha ulitoka siku ya nne na tukauchuma kabla ya mwezi kuisha. Mbegu 20 za bamia zilitoa miche sita. Nilipoigeuza pakiti, mahali pa tarehe palikuwa pamefutika, na sikuona lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Siku hizi kabla ya kupanda nazifunga mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi juu ya friji, baada ya wiki nahesabu zilizochipua. Keni nayo ilitoka pua siku ya nne. Tunatumia kopo la majarini lililotobolewa kwa msumari, na watoto wanalipenda zaidi.

Ile ziara ya wiki mbili ilikuja wiki ya saba, baada ya simu nne. Lakini lazima niseme haki: yule kijana alipofika na kuona hali, hakubishana. Hakusema nimemwagilia vibaya, hakusema hewa ya Dar. Alichutama, akazamisha mkono kwenye gunia, akauliza picha za wiki ya kwanza. Nilipomwonyesha akanyamaza kidogo, akasema, "Bosi, hii ni sisi." Jumapili iliyofuata akaleta miche 18 bila malipo, akakaa karibu saa nzima akimwonyesha binti yangu machipukizi yanayoota kwapani mwa jani la nyanya na jinsi ya kuyavunja kwa kidole asubuhi yakiwa bado laini. Huduma ya namna hiyo sijaipata hata kwenye maduka ninakonunua lenzi za mamilioni.

Tangu hapo binti ndiye bwana shamba. Nilimpa simu yangu ya zamani iliyopasuka kioo iwe kamera yake, na hapo ndipo bustani ilipoingia kwenye familia kweli. Yeye halali kitandani Jumapili. Saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado jekundu, utamkuta amelala kifudifudi kwenye mchanga na kanga ya mama yake, anapiga picha sisimizi. Picha 40 za sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye shina la hoho. Nilikaribia kumwambia ajaribu kitu kingine. Jioni tulipozifungua kwenye kompyuta na kuikuza moja, chini ya jani tukaona wale sisimizi wamezunguka vidukari, vile vidudu vinavyofyonza majani, makumi kwa makumi, kijani juu ya kijani. Sisimizi huwalinda vidukari kwa ajili ya ule utamu wanaoutoa. Mimi nilikuwa napita pale kila siku na sikuona kitu. Tuliwapulizia maji ya sabuni ya mche, jani kwa jani upande wa chini, kila baada ya siku tatu. (Mdogo wake anaamini hadi leo kwamba sabuni ya mche imeitwa hivyo kwa sababu ni ya kuogeshea miche. Hatujamsahihisha.)

Kantangaze, viwavi wanaochimba ndani ya jani la nyanya, nao walipita, maana wadudu hao tangu waingie nchini mwaka 2014 hawamwachi mtu mwenye nyanya. Ukitaka kuwaona mapema, shika jani uliweke kati yako na jua, kama unavyopima noti. Njia walizochimba zinang'aa kama ramani. Tulichuma majani matatu tukayachoma.

Hesabu sasa, maana najua kuna anayesubiri. Mchicha na chainizi hatujanunua tangu mwezi wa nane, na kwa mafungu mawili ya shilingi 500 karibu kila siku si haba, ila tunamwaga dumu moja la maji kila jioni, na maji kwetu hayatoki kila siku. Kifurushi hakijajilipa. Kwa bei hii, nunua kazi yao na miche yao. Magunia wanayajua, miche ni imara hata baada ya kuchomwa. Mbegu kanunue dukani mwenyewe, penye tarehe inayosomeka. Nyota tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo tatu ni ya lile neno "hii ni sisi".

Nyanya ya kwanza iliiva mwishoni mwa Septemba. Binti alikataza isichumwe kabla ya picha. Nikaingia ndani kufuata kamera, nikafunga lenzi ya milimita 50, nikatoka na kitambaa cheupe cha kurudishia mwanga. Nikakuta mdogo wake ameing'ata ikiwa bado mtini, mchuzi unamshuka kidevuni, anatuangalia kama sisi ndio wezi. Nilipiga hiyohiyo.

Wiki iliyopita kijana wa bustani aliniandikia WhatsApp. Amesikia mimi ni mpiga picha, anaomba picha mbili tatu za magunia aweke kwenye tangazo lake jipya, atanilipa kwa miche. Nikamtumia tatu: ile ya nyanya iliyong'atwa, ya gunia lililofungwa mpira wa baiskeli, na ya siku ya sita, majani yakiwa yameungua. Nikamwambia azitumie zote au asitumie hata moja. Tiki zimekuwa za bluu tangu Jumatano.