TAHADHARI: Cointreau feki inazunguka Mtwara mjini

Wapishi, wenye baa na wenzangu wa keki, someni hili kabla hamjanunua chupa ya Cointreau, ile pombe tamu ya Kifaransa ya maganda ya machungwa.

Wiki iliyopita nilikuwa na oda ya sherehe Shangani. Mteja alitaka margarita, kokteli inayotiwa Cointreau, pia crêpes Suzette, zile chapati laini za Kifaransa ambazo mchuzi wake wa siagi na machungwa humwagiwa pombe ukawashwa moto. Chupa yangu ya Cointreau ilibaki kidole kimoja. Kijana mmoja anayepitisha vinywaji kwa bodaboda na kutangaza kwenye magrupu ya WhatsApp akaniletea Cointreau kwa 65,000. Dar nilinunua karibu mara mbili ya hiyo. Nilipaswa kushtuka, ila oda ilikuwa ya kesho yake.

Chupa ni yenyewe kabisa: pembe nne, kioo cha hudhurungi, lebo safi. Namimina, kinatoka kitu cha rangi ya chungwa kama juisi ya unga. Jamani, Cointreau ni nyeupe kama maji! Hudhurungi ni ya kioo tu. Aliyejaza hajawahi kuiona ikimiminwa.

Nikaweka barafu. Ile halisi ikikutana na barafu hufanya ukungu mweupe, kwa sababu mafuta ya maganda ya machungwa hukaa vizuri ndani ya pombe kali lakini maji yakiongezeka yanajitenga. Hii ikabaki vilevile. Nikapasha kidogo kwenye kikaango, njiti tatu za kiberiti, haikushika moto. Pombe ya asilimia 40 ikishapata joto inawaka upesi. Harufu ilikuwa ya pipi, na nyuma yake gongo la mabibo.

Mchuzi niliuokoa kwa maganda ya chungwa niliyokwaruza, juisi na siagi, bila moto. Margarita nilimweleza mteja ukweli tukazifuta. Kijana ameniblock.

Hela inauma, lakini kinachoninyima usingizi ni chupa nyingine alizouza. Hatujui ndani amejaza nini, na pombe yenye methanoli inapofusha na kuua. Kama umekunywa ukaanza kuona ukungu, kutapika au kichwa kuuma sana, kimbia hospitali ya Ligula saa hiyo hiyo, usisubiri kulala kwanza.

Stempu ya kodi ya TRA kwenye chupa yangu ilikuwepo, ila imekatika pale kifuniko kinapofungukia, ikabandikwa tena kwa gundi. Niliiona baadaye kwa kucha. Kwa hiyo skani stempu kwa app ya simu ya Hakiki Stempu muuzaji akiwa amesimama hapo hapo, na pitisha kidole shingoni mwa chupa kabla ya kulipa.

Na nyie wenye baa, nawaomba sana: chupa tupu za pombe za nje msiziuze nzima kwa waokota chupa. Chaneni lebo, vunjeni shingo. Feki hii ilianzia kwenye chupa halisi ya mtu.

Yangu nimeihifadhi na kilichobaki ndani, Jumatatu naipeleka TBS, Shirika la Viwango. Aliyeuziwa kama mimi aje inbox twende pamoja.