EliteBook ya ex-UK, RAM mpya na SSD: uzoefu wangu hapa Kisumu

Laptopu yenyewe ni HP EliteBook 840 G1, zile za ex-UK (zilizotumika Uingereza) zilizojaa madukani, na inafanya kazi kwenye saiba yangu ndogo Kondele: ritani za kodi za KRA, eCitizen, HELB, kuchapa barua, kuskani vyeti. Ilikuja na RAM (kumbukumbu inayoshikilia kazi zilizo wazi) ya GB 4 na diski ngumu ya GB 500. Juni iliyopita, watu wakikimbizana na tarehe 30, siku ya mwisho ya ritani, ilinitoa jasho. Ukifungua iTax (tovuti ya ritani), WhatsApp na PDF moja kwa pamoja, kishale kinaganda, taa ya diski inawaka bila kuzima, na mzee aliyekaa kwenye benchi anauliza kama ni mtandao umepotea. Mtandao ulikuwa mzima.

Niliipeleka kwa fundi mmoja Oginga Odinga Street. Ushauri wake ulikuwa ule ule wa mafundi wengi siku hizi: "Madam, weka SSD tu, itapaa." SSD ni diski isiyozunguka, inayohifadhi data kwenye chipu. Nikamwambia afungue Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinatumika kiasi gani) kwanza, kazi zangu zikiwa wazi, tuone kinachoumwa ni nini. RAM ilikuwa zaidi ya asilimia 90, diski imegonga 100, prosesa imekaa tu chini ya 30.

Ukiona hesabu ya namna hiyo, usikimbilie kuilaumu diski. RAM ikijaa, Windows huchukua sehemu ya kazi uliyoacha wazi na kuiandika kwenye faili iitwayo pagefile.sys, iliyo kwenye diski, halafu huisoma tena ukiihitaji. Ni kama kumtuma mtoto Kibuye kwa kila nyanya moja. Diski yangu ya zamani ilizunguka mara 5,400 kwa dakika, maana yake data unayoitaka husubiriwa kwa wastani wa milisekunde 5.6 mpaka ipite chini ya kichwa cha kusomea, na hapo hujahesabu muda wa kichwa chenyewe kusogea. RAM hujibu kwa nanosekunde 100 hivi (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara elfu hamsini. SSD ya kawaida hujibu ndani ya kama mikrosekunde 100 (mikrosekunde moja ni nanosekunde elfu moja), kwa hiyo inaiacha diski ya kuzunguka mbali sana, lakini mbele ya RAM bado ni kobe. Ndiyo sababu SSD peke yake haimponyi mtu mwenye GB 4: safari za sokoni zinakuwa fupi, ila haziishi.

Tukakubaliana kuweka vyote viwili, RAM kwanza. SSD ya GB 256 ilinigharimu 3,800, RAM ya GB 8 ikawa 2,500, na kazi 500.

Kuifungua hakukuhitaji hata bisibisi. Mfuniko wa chini una kitasa cha kusukuma, ukikiachilia unateleza na kutoka mzima, na nafasi mbili za RAM ziko pale mbele yako, moja ikiwa tupu. Fundi alichomoa kipande kutoka kwenye droo, akakigeuza mwangani, akakirudisha. Kilikuwa kimeandikwa PC3, aina ya RAM, bila herufi L. Laptopu hii inataka PC3L, inayotumia volti 1.35 badala ya 1.5. Hapo nilimwongezea maksi, maana wapo wanaoingiza chochote kinachoingia. Kile cha pili kilikuwa na L. Akakiingiza kikiwa kimeinama, akakibonyeza, vibanio vya pembeni vikalia tak.

Kwa RAM pekee, kuwasha laptopu kulibaki kunachosha vile vile. Lakini ikishawaka, nilifungua kila kitu ninachofungua Juni, nikawa naruka kutoka iTax kwenda WhatsApp bila kusubiri, na ile taa ya diski ikatulia. Kwangu mimi hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri zaidi siku ile.

SSD ikafuata, baada ya fundi kunakili kila kitu kutoka diski ya zamani. Sasa inawaka kabla mteja hajamaliza kunieleza shida yake, na Word inafunguka papo hapo. Msishtuke mkiona GB 256 imesomeka 238, hamjaibiwa. Kiwanda huhesabu gigabaiti kama baiti bilioni moja, Windows hugawa kwa 1,073,741,824.

Kasoro ipo. Mteja aliniletea video za harusi ninakili kwenda diski yake ya nje, kwanza nikaziweka kwenye SSD. Mwanzo zilikimbia, halafu mwendo ukaanguka ghafla. SSD za bei hii huandika haraka kwenye sehemu ndogo tu ya chipu zao, na hiyo ikijaa unabaki na mwendo halisi. Kwa barua na ritani hutaliona hilo. Mwenye studio ya video alione mapema. Pia usiijaze hadi ukingoni. SSD haiwezi kuandika juu ya data ya zamani moja kwa moja, ni lazima ifute bloku nzima kwanza, na inahitaji nafasi ya kupangia kazi hiyo.

Halafu kuna duka lingine, silitaji, lililotaka kuniuzia flashi ya "TB 2" kwa bei ya soda na chapati. Zipo flashi ambazo programu yake ya ndani imefundishwa kudanganya ukubwa. Inapokea faili zako zote kwa adabu na kuzipoteza. Kabla ya kuamini flashi, ijaze kwa H2testw, ni programu ya bure, kisha uisome uone kama ulichoandika kimerudi kamili.

Diski ya zamani sikuitupa. Nimeitia kwenye kasha la USB na nahifadhia nakala za wateja. Faili iliyofutwa kwenye diski ya kuzunguka mara nyingi huokolewa, kwenye SSD ni ngumu zaidi, kwa sababu kompyuta huiambia ni nafasi zipi hazitumiki na yenyewe huzisafisha.

Nyota tano kwa RAM, nne kwa SSD. Laptopu yenyewe naipa tatu, kwa kuwa prosesa yake ni kizazi cha 4 na orodha rasmi ya Windows 11 upande wa Intel huanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache tu. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na hilo haliondolewi na RAM wala SSD.

Kompyuta ya mezani iliyo kando yake tayari ina GB 8 na Task Manager inaonyesha RAM haipiti nusu. Hiyo nitaibadilishia diski tu, na kuitafutia UPS, betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea. Kilicho kwenye RAM hukaa kama chaji kwenye vikapasita vidogo ambavyo huongezewa upya kila milisekunde 64 hivi. Stima ikipotea, barua ya chama ambayo mama mmoja amechapa kwa nusu saa bila kuihifadhi inapotea nayo.