Boksi la molekuli: hidrojeni hazitoshi

Niliagiza boksi hili la vitufe vya kuundia mifano ya molekuli kwa simu kutoka Kampala, shilingi 95,000, likaja kwa basi hadi Arua. Muuzaji aliapa kwamba linatosha darasa zima. Darasa langu la S3 (kidato cha tatu) lina wanafunzi 74.

Vitufe vyenyewe ni imara: kaboni nyeusi ina matundu manne, oksijeni nyekundu mawili, hidrojeni nyeupe moja. Vimeanguka sakafuni mara nyingi na hakuna kilichopasuka. Shida ni vijiti vya kuviunganisha. Vinabana mno, hadi binti mmoja akavichomoa kwa meno. Halafu boksi limeandikwa hidrojeni 20, mimi nikahesabu 18. Nilipompigia muuzaji alinijibu, “Tutaangalia, mwalimu.” Mwezi wa pili huu, bado anaangalia.

Hata hivyo sijutii, kwa sababu ya kipindi kimoja tu. Niliwaambia waunde ethanoli, ile iliyomo kwenye waragi, pombe kali ya kwetu. Darasa likachangamka. Kaboni 2, hidrojeni 6, oksijeni 1. Kundi la nyuma likaibana oksijeni katikati ya kaboni mbili badala ya pembeni, wenzao wakawacheka. Nikasema, haya, hesabuni. Vitufe ni vilevile tisa! Ila walichoshika ni dimethili etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri, yaani humu darasani ni gesi. Ethanoli husubiri hadi nyuzi 78. Kicheko kikakatika. Mvulana mmoja akaichomoa oksijeni, akaipachika pembeni, akairudisha katikati, mara tatu, kimya. Miaka yote niliyochora isoma (molekuli zenye atomu zilezile zilizopangwa tofauti) ubaoni sijawahi kuona mtu akifanya hivyo na daftari.

Lakini hidrojeni 18 ni ethanoli tatu, basi. Nyingine tulifinyanga kwa udongo wa kichuguu, tukazipaka chokaa. Zinapasuka zikikauka, tunafinyanga tena.

Jambo jingine: kwenye jaribio mtu aliniandikia, “Kaboni ni nyeusi na ina matundu manne.” Alidhani atomu yenyewe ndivyo ilivyo. Hilo ni kosa langu, si la boksi. Sasa naanza na hesabu: kitufe cha sentimita 2 ni atomu iliyokuzwa kama mara milioni 100. Mwanafunzi wa mita 1.6 akikuzwa hivyo, urefu wake utaizunguka dunia mara nne.

Nitanunua la pili muhula ujao. Safari hii nakwenda mwenyewe, na nitahesabu nyeupe zote palepale kaunta.